Nyati Aliyelinda Mteremko wa Barafu

Oya, mmekaa?
Tumekaa.
Masikio mnayo?
Mawili mawili.
Paukwa?
Pakawa, shusha.

Huko juu mlimani, kwenye baridi ya kukata pua, palikuwa na mteremko wa mawe wa kwendea kisimani. Kila asubuhi unakuta barafu tupu. Swala akishuka, teleee, pwaa. Sungura akishuka, teleee, pwaa. Bibi yake Pimbi akashuka, teleee, pwaa, mguu ukateguka. Siku ya tatu hiyo hajaonja maji.

Mlinzi wa njia alikuwa Nyati. Cheo kajipa mwenyewe.

"Dawa ya barafu ni chumvi," akasema. "Kila nyumba konzi moja, mwageni jioni."

Wakamwaga. Alfajiri Nyati akaja kukagua: lamba, lamba, lamba. Watu wakiamka chumvi haipo, barafu ipo. Na punje chache alizosahau zikawachoma nyayo mpaka zikachanika.

Pimbi, mnyama mdogo kama kiatu, akamfuata.

"Shikamoo mjomba. Tumwage changarawe basi. Haichomi, na mguu unashika."

"Changarawe haina ladha."

"Ladha ya nini tena, mjomba?"

"Toka hapa, panya usiye na mkia."

"Natoka. Ila chumvi yote ya wiki hii si imezama humo ndani ya barafu? Mi ulimi wangu mfupi. Labda mtu mwenye ulimi wa maana..."

Nyati hakungoja amalize. Akajilaza mteremko mzima, kichwa chini, mkia juu, akabandika ulimi. Ukaganda. Kuvuta, wapi.

"Mmh," akasema Nyati. "Mmmh."

"Mjomba karuhusu," Pimbi akawaambia wenzake. "Piteni mgongoni. Una manyoya, hautelezi, halafu wa moto."

Swala akapita, tap tap tap. Sungura akapita, tap tap tap. Bibi akapita akichechemea.

"Mjukuu wangu, hapa mbona panahema?"

"Mbavu hizo, Bibi. Kanyaga tu."

Bibi akanywa. Akapumzika, akanywa tena. Wakati wa kurudi kila mtu akabeba changarawe ya kisimani, wakamwaga kushoto na kulia kwa Nyati. Jua lilipomwachia ulimi, njia ilishakuwa changarawe juu mpaka chini. Nyati akailamba. Kakh. Jino likatoka.

Ngano imeteleza, imefika chini. Mwenye yake apandishe.

Na funzo: waheshimuni wakubwa, jamani. Wana migongo mipana.