Tabibu wa Mihuri Kumi na Mmoja

Hapo zamani, enzi ambazo mtu aliaminiwa kwa mzigo wake kabla hajafungua kinywa, palikuwa na mji uitwao Gharibuni, na mji huo ulitawaliwa na Sultani Muhibu. Sultani huyo alikuwa na majumba saba, farasi tisini, na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Ikawa kila akitazama dunia huiona kama mtu achunguliaye kupitia chandarua kichafu, na mara mbili alikwisha kuipa mkono nguzo ya baraza akiidhania ni balozi. Wakubwa waliokuwapo wakasema, "Tazameni unyenyekevu wa bwana wetu, habagui hata nguzo!" Maana kazi yao ilikuwa kusifu, na hiyo ndiyo kazi pekee waliyoifanya kwa bidii.

Basi siku moja akaingia mjini mtu aliyejiita Tabibu Zuhuri, bingwa wa macho. Alikuja na ngamia wawili: mmoja kampanda mwenyewe, wa pili kabeba kasha la hati. Hati zenyewe zilikuwa arobaini, kila moja imetoka mji wake, kila moja imepigwa muhuri wa lakiri nyekundu, na zote zilisema maneno yale yale, kwamba mwenye muhuri alikuwa haoni, Tabibu Zuhuri akamdunga jicho kwa sindano yake ya fedha, na papo hapo akaona. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini wahenga hawakuwa na kasha, kwa hiyo hakuna aliyewasikiliza.

Waziri Mdahoma akapewa kazi ya kumchunguza mgeni, naye alimchunguza kwelikweli, mtu asije akasema waziri ni mvivu. Alizihesabu hati, akazikuta arobaini. Akaikwaruza lakiri kwa ukucha, akaikuta ni lakiri. Mwishowe akaagiza mizani ya sokoni, kasha likapimwa mbele ya baraza zima, likawa zito kuliko beberu aliyenona. Waziri akanyoosha mikono, akasema, "Ewe Mtukufu Sultani, elimu ya mtu huyu ni frasila mbili na nusu! Sijapata kuona tabibu mzito namna hii." Ikawa uchunguzi umekwisha, wakaenda kula.

Hakuna aliyemwuliza mgeni amefunzwa na nani. Na katika mji ule, hata mganga wa kutibu mbuzi aliyevimbiwa alikuwa hatambuliwi mpaka mwalimu wake amtie mkobani hadharani, yaani athibitishe mbele ya watu kwamba amefuzu, na ada yake haikabidhiwi mpaka mgonjwa apone na siku arobaini zipite. Lakini hiyo ilikuwa desturi ya watu wadogo, na baraza la Sultani lilikuwa limestaarabika mno kwa mambo hayo.

Sasa Sultani, pamoja na ukubwa wake wote, alikuwa akiogopa sindano. Akasema, "Adungwe kwanza mtu mwingine, tuone."

Waziri akajibu, "Bwana wangu, yuko bibi mmoja mtaa wa wasusi, aitwa Bi Mwatime, ana maradhi kama yako. Jicho moja limekwisha kufa, la pili laona kwa shida. Akipona, ni sifa kwa ufalme wako. Asipopona, ni bibi tu."

Baraza likaona hayo ni maneno ya hekima, likaafiki. Ikaamriwa adungwe siku ya Ijumaa.

Bi Mwatime huyo alikuwa na mtoto mmoja, jina lake Tawakali, fukara wa kupigiwa mfano, aliyewaandikia watu barua sokoni na kulipwa muhogo. Wengi walimwona punguani, kwa sababu ukimwambia jambo alilifanya vile vile ulivyolisema. Mama yake alisuka mikeka kwa lile jicho lililobaki, ukindu kausogeza mpaka kwenye pua, na mkeka wake haukuwahi kwenda upogo. Askari walipokwisha kuleta amri na kuondoka, akasema, "Mwanangu, jicho hili ni bovu, nalijua. Lakini ndilo ninalokuonea wewe. Usiwaache wakalidunga."

Tawakali aliogopa siku ile, maana hakuwa na mwingine duniani. Akatoka hivyo hivyo, akaenda barazani, akapiga goti.

"Ewe Mtukufu Sultani," akasema, "kabla mama yangu hajadungwa, naomba kujua. Tabibu huyu amefunzwa na nani? Na hao aliowatibu, wana hali gani leo?"

Tabibu Zuhuri akatabasamu. "Kijana, hati zangu zimekwisha kujibu."

"Zimejibu habari za siku ile ile uliyowadunga, bwana tabibu. Mimi nauliza habari za mwezi uliofuata."

Waziri akaruka kama aliyekalia kaa la moto. "Fukara huyu! Atilia shaka mihuri ya wafalme arobaini!"

Sultani akaghadhibika, akasema, "Ewe Tawakali, kumbe wewe ni mkaguzi nasi hatuna habari! Haya, kagua. Ijumaa niletee hapa barazani mashahidi, waeleze kwa vinywa vyao jinsi hati ya tabibu inavyopigwa muhuri. Ukishindwa, mama yako atadungwa wa kwanza, na wewe wa pili, hayo macho yako mazima."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne, na mji wa karibu zaidi katika ile arobaini ulikuwa mwendo wa mwezi mzima. Tawakali akainama. "Mashahidi, waeleze jinsi hati ya tabibu inavyopigwa muhuri. Nimesikia, bwana wangu, nami nitafanya kama ulivyosema." Wakubwa wakacheka mpaka wakapaliwa na kahawa.

Basi Tawakali akarudi nyumbani, akachukua karatasi kubwa, akachovya kalamu, akaandika kwa mwandiko mzuri: *Sisi tuliotia mihuri hapa tulikuwa vipofu, hatukuona hata kilicho mbele ya pua zetu. Akatutibu Tabibu Tawakali wa mtaa wa wasusi, na sasa twaona kila kitu.* Halafu akaenda kwa msimamizi wa soko.

"Naomba usome kwanza, bwana," akamwambia.

"Inahusu nini?"

"Inahusu tabibu wa macho, na shauri lenyewe limeanzia kwa Sultani."

"Sasa nisome nini tena?" akasema msimamizi, akagonga muhuri, akaendelea kutafuna tambuu yake.

Kutoka hapo akaenda kwa mkuu wa zizi la farasi. Huyo aliutazama muhuri wa kwanza, akasema kama mwenzake ameridhika yeye ni nani hata akatae, akagonga. Hakimu mkuu hakutazama hata neno moja, ila alichukia kuona muhuri wa zizi ni mpana kuliko wake, akaagiza lakiri zaidi. Kwa kila mmoja Tawakali alisema, "Soma kwanza, bwana wangu," na kila mmoja alimjibu kwa hasira, "Wewe ndiye wa kunifundisha kazi?" Nawaambieni, hakuna kazi rahisi duniani kama kupata muhuri wa pili. Kufika Alhamisi asubuhi mihuri ilikuwa tisa. Waziri Mdahoma akaihesabu, akaona ni mingi, akafurahi, akatia wa kumi, kisha akaisukuma karatasi katika bunda la asubuhi la Sultani. Na Sultani bunda lake alilipiga mihuri kama mtu atwangaye mpunga, juu chini, juu chini, bila kuuliza kilichomo kinuni. Jioni karatasi ikamrudia Tawakali, ina mihuri kumi na mmoja.

Ijumaa ikafika, baraza likajaa. Tabibu Zuhuri alikuwa amekwisha kuilaza sindano yake juu ya kitambaa cheupe, na nje ngamia wake wote wawili walikuwa tayari wamefungwa mizigo. Bi Mwatime akaletwa, akaketishwa chini, akawa anapapasa hewani akitafuta mkono wa mwanawe.

Sultani akasema, "Ewe Tawakali, mashahidi wako wako wapi?"

"Wamekwisha kuketi, bwana wangu. Wa ile miji arobaini sikuweza kuwafikia. Lakini wewe ulitaka wa kueleza jinsi hati ya tabibu inavyopigwa muhuri, na hao nimewakuta hapa hapa."

Akampa karani ile karatasi, karani akaisoma kwa sauti, na kila alipotaja mwenye muhuri mmoja, mtu mmoja aliacha kucheka. Alipofika wa kumi na mmoja akamtaja kwa kunong'ona.

"Mimi?" akapaza sauti Sultani. "Mimi nimetibiwa na huyu, na sasa naona kila kitu? Mimi sioni! Hata hiyo karatasi siioni!"

Miaka minne watu wale walikuwa wakijua kwamba bwana wao haoni, na hiyo ndiyo mara ya kwanza yeye mwenyewe kulisema neno hilo mle ndani. Wakubwa wakatazama vidole vya miguu yao.

"Kwa hiyo hati ni ya uongo, bwana wangu?" akauliza Tawakali kwa upole.

Waziri akadakia, "Hasha! Muhuri wa Sultani hausemi uongo!"

"Ahsante sana, Mheshimiwa Waziri. Basi mimi ni tabibu wa macho, tena wa mihuri kumi na mmoja katika karatasi moja, na huyu bwana ana mmoja mmoja tu. Naomba ruhusa nianze kazi. Na kwa kuwa sisi watu wa Gharibuni humtanguliza mgeni, nitaanza na yeye. Naona jicho lake la kushoto lina wekundu." Akachomoa kiunoni sindano ya kushonea magunia.

Sultani alikuwa haoni, lakini mjinga hakuwa. Akasema polepole, "Mlazeni."

Askari wakamshika Tabibu Zuhuri, wakamlaza chali. Naye akapiga kelele, "Amani, Sultani, amani! Mtu huyu hajui kitu! Hakufunzwa na yeyote!"

"Ana hati," akasema Sultani.

"Hati si kitu! Hati mtu yeyote hupata! Mimi mwenyewe huwapa wagonge asubuhi ile ile, jicho linapoona mwanga, kisha naondoka kabla ya..." Hapo akauma ulimi.

"Kabla ya nini, tabibu mwenzangu?" akauliza Tawakali, sindano mkononi.

"Kabla ya siku ya tatu."

"Siku ya tatu kuna nini?"

Mgeni akafumba macho. "Usaha," akasema.

Bi Mwatime akalifunika jicho lake kwa kiganja, akalia taratibu, na Tawakali akaitupa sindano, akaketi chini kando yake, akamshika bega.

Sultani akaanza kucheka. Alicheka kidogo kwanza, kisha akacheka mpaka kilemba kikamdondoka, na wakubwa nao wakacheka, ijapokuwa hawakujua kama wanaruhusiwa. Alipokwisha kujifuta machozi alikata hukumu: Zuhuri arudi kwa miguu katika miji yote arobaini, chini ya ulinzi, akawatazame usoni wale aliowatibu. Ikawa mtu yule alililia adhabu hiyo kuliko alivyoililia sindano. Bi Mwatime akarudishwa nyumbani juu ya farasi wa Sultani, na ikatangazwa kwamba hakuna atakayeligusa jicho lake ila amtakaye mwenyewe. Tawakali alipoulizwa anataka zawadi gani, aliomba hati yake ichanwe upesi, asije mtu akamwendea kutibiwa. Sultani akaichana kwa mikono yake, akaongeza na magunia mawili ya mchele.

Kisha Sultani akasema, "Ewe Tawakali, macho yangu bado hayaoni, na matabibu wengine watakuja. Nitamjuaje wa kweli?"

"Mwulize kafunzwa na nani, bwana wangu, kisha umtume mtu akamwulize huyo mwalimu. Tuma watu kwa wale aliowatibu, si siku ile, baada ya siku arobaini. Na utazame kama ngamia wake amelala au amefungwa mizigo."

Wote wakasema hayo ni maneno makubwa. Waziri Mdahoma ndiye aliyependezwa zaidi. Akachukua kalamu, akayaandika yote vizuri, akasogea mbele, akauliza, "Na majibu yao, bwana wangu, tuyapige muhuri juu ya karatasi au chini?"

Sultani akamtafuta kwa macho, akamkosa. Akavua kiatu, akakirusha kwa kufuata sauti, nacho kikampata waziri katikati ya paji la uso.