Bi Nguchiro na Unga wa Kuunga Mfupa

Paukwa!

*Pakawa!*

Mpo mliopo?

*Tupo!*

Mifupa mizima?

*Mizima!*

Shikeni magoti, msije mkanidanganya.

*Tumeshika!*

Haya, yashikilieni hivyo hivyo. Hapo kale, kabla mama zenu hawajaanza kuwakimbiza na vikombe vya maziwa, palikuwa na Fisi. Jina lake Bwana Mangungu. Tumbo lake lilikuwa linafika mlangoni kabla yake. Siku moja akaruka ua wa watu kwenda kuiba ngozi iliyoanikwa, akateleza, akaanguka: pu! Mguu wa nyuma: ka! Vipande viwili.

Akaitwa Maalim Korongo, fundi wa kuunga mifupa. Korongo akauvuta mguu, akaunyoosha, akaufunga mabanzi ya mianzi. Akasema, "Tulia. Ota jua la asubuhi. Kula vizuri. Siku arobaini, inshallah, utatembea."

Sasa sikieni desturi ya kijiji kile. Mwenye banzi hatafuti chakula, kijiji kizima kinamlisha. Na banzi halifunguliwi mpaka mgonjwa mwenyewe atamke mbele ya watu, siku ya Ijumaa, "Nimepona." Desturi nzuri mno. Ilitungwa na watu ambao hawajawahi kumuuguza Fisi.

Fisi akakaa barazani, mguu juu ya kigoda, akaanza kuagiza.

"Leteni maziwa, mfupa unataka maziwa!" Mbuzi akaleta maziwa.

"Leteni dagaa, mfupa unataka dagaa!" Kima akaenda mtoni, akaleta dagaa.

"Leteni mayai, mfupa unataka mayai!" Hapo zamu ikamwangukia Bi Nguchiro.

Bi Nguchiro alikuwa mjane mdogo wa umbo, mrefu wa mkia, na mama wa watoto watano. Chakula cha watoto wale kilikuwa mayai ya kwale, na kuyapata ni kutambaa kwenye miiba tangu alfajiri. Akileta mayai sita kwa Fisi, nyumbani yanabaki maganda. Usidhani ni maneno tu. Fisi alikuwa akifyonza yai, fyoo! halafu anamrudishia ganda: "Chukua, Bi Nguchiro, usiseme nimekunyima."

Siku arobaini zikapita. Ijumaa ikafika. Korongo akauliza, "Bwana Mangungu, mfupa vipi?"

"Aa wapi, Maalim! Unalia ndani: kwi, kwi, kwi!"

Ijumaa nyingine. "Bwana Mangungu, mfupa vipi?"

"Aa wapi, Maalim! Kwi, kwi, kwi!"

Mwezi wa pili, kwi kwi kwi. Mwezi wa tatu, kwi kwi kwi. Mbuzi akakauka kiwele. Kima akapata kikohozi cha mtoni. Na mtoto wa mwisho wa Bi Nguchiro akakonda, akawa akisimama anayumba, akikaa analala. Bi Nguchiro alipomwona hivyo aliumia, akatoka kwenda kutafuta mayai kabla hakujapambazuka vizuri.

Akampelekea Fisi mapema kuliko siku zote. Kabla hajapiga hodi, akasikia kishindo ndani: didi, didi, didi! Akachungulia. Lo! Banzi limeegemezwa ukutani. Fisi katikati ya chumba, kiuno anakikata, anarukia mguu ule ule uliovunjika, anaimba:

*Kuvunjika ni karamu,*
*Kupona kuna hasara!*

Bi Nguchiro akatamani kupiga kelele. Akajizuia. Akipiga kelele, Fisi atavaa banzi, atalia kwi kwi kwi, na desturi itamlinda yeye. Akarudi kinyumenyume, akakohoa kwa mbali. "Hodi! Shikamoo, Bwana Mangungu."

Kishindo kikakatika. Ikasikika sauti ya mgonjwa. "Marahaba, mwanangu. Mayai mangapi?"

Akayaacha sita, akachukua maganda yake, akaenda zake. Njiani hasira ikampanda, ikamshuka, ikampanda tena. Alipofika nyumbani alikuwa anacheka.

Akachukua maganda ya miezi minne, akayatia kinuni. Twa! Twa! Twa! Yakawa unga mweupe, laini kama poda. Akaenda kwenye mfenesi, akakinga ulimbo, ule unaomnata mtu vidole akajuta kula fenesi. Akachanganya ulimbo, unga na asali nyingi. Akatia chunguni.

Ijumaa ikafika. Watu wamekusanyika, Korongo amesimama. "Bwana Mangungu, mfupa vipi?"

"Aa wapi, Maalim! Kwi, kwi, kwi!"

Bi Nguchiro akajitokeza, chungu kichwani. "Poleni, jamani. Bwana Mangungu ametuumiza roho kwa maumivu yake. Nimemletea unga wa kuunga mfupa. Kijiko kimoja tu kwa siku."

Fisi akanusa. Asali! Akawaza moyoni, "Mimi mzima. Dawa itaniponya nini? Nitakula utamu wangu, na Ijumaa ijayo nitalia kama kawaida." Akanyoosha mkono. "Lete, mwanangu. Nimeteseka sana."

"Kijiko kimoja, Bwana."

"Kama kijiko kimoja kinatibu, chungu kizima si kitatibu zaidi?" Akakiinua chungu. Gugu, gugu, gugu! Akakilamba mpaka ndani.

Bi Nguchiro akakaa chini polepole, akapanga mkia wake. "Bwana Mangungu, naomba nihakikishe jambo moja. Mfupa bado umevunjika, sivyo?"

"Vipande viwili!" akajibu Fisi, akijilamba midomo. Mdomo ukafanya nata.

"Alhamdulillahi. Maana unga huu hauwezi kukaa bila kazi. Ukikuta mfupa umevunjika, unaunga. Ukikuta mfupa mzima, unazunguka mwilini kutafuta pengo jingine la kuziba. Na pengo kubwa kuliko yote kwa mtu yeyote ni kinywa. Dawa ya kuuachisha ninayo, ila hupewa aliyetamka mbele ya watu kwamba amepona."

Fisi akacheka, "He he..." Taya zikanata. Akazifungua kwa nguvu: nataa! Akajaribu tena: nataa! Mara hii zikafunguka nusu. Macho yakamtoka. Akajiona kinywa kimezibwa mfupa mtupu, maziwa yanapita, dagaa wanapita, mayai yanapita, yeye anatazama tu.

"Bi Mguchiro! Mfupa... mfupa mepona!"

"Unasemaje, Bwana? Mbuzi, wewe umesikia?"

"Sijasikia," akasema Mbuzi, ambaye alikuwa amesikia vizuri sana.

"Mmepomma!"

"Kima, umesikia?"

"Mie masikio yameingia maji ya mtoni," akasema Kima.

Fisi akapandwa na wazimu. Akang'oa banzi, vuu! Akaruka baraza, akaruka kisima, akamruka Maalim Korongo aliyesimama wima, akatua kwa mguu wa nyuma. Akazitanua taya kwa mikono miwili, akapiga ukelele: "Ni-me-po-naaa! Tangu mwezi wa pili!"

Kijiji kizima kikasikia. Korongo akaliokota banzi, akalivunja gotini. Basi, kwisha. Bi Nguchiro akatoa kichupa cha mafuta ya nazi, akampaka Fisi kinywani, ulimbo ukaachia. Fisi akashika njia ya porini kujitafutia chakula mwenyewe, na kwenye kilima akaonekana anakimbia vizuri kupita walioanguka na wasioanguka.

Bi Nguchiro akageuka kwenda kwa wanawe. Kugeuka, akakuta foleni.

"Miezi minne, jamani," Mbuzi alikuwa akisema, macho yamemtoka, "kapona kwa chungu kimoja!"

"Nimeona kwa macho yangu," akasema Kima. "Amemruka Maalim! Bi Nguchiro, mimi goti langu linaniuma msimu wa mvua."

Korongo akasafisha koo. "Mfupa uliungwa na kutulia, jua, maziwa na..." Hakuna aliyemsikiliza.

Bi Nguchiro akafungua kinywa kusema kweli. Akamtazama mtoto wake wa mwisho, aliyemfuata, amesimama kando ya foleni, anayumba. Akafunga kinywa. Akakifungua upya.

"Dawa ipo," akasema. "Ila hutengenezwa kwa maganda ya mayai, na maganda lazima yafike mabichi, yakiwa na vitu vyake ndani. Leteni mayai kumi kumi. Maganda nitawasagia. Hivyo vya ndani, nitajua mwenyewe pa kuvipeleka."

Haya, watoto, funzo la ngano ni hili: uongo ni mbaya. Fisi alidanganya, akaaibika. Muwe wakweli kama Bi Nguchiro.

*Lakini naye alidanganya!*

Nani kasema? Aliahidi kumponya Fisi. Fisi hakupona?

*Alipona!*

Basi acheni ubishi, achieni magoti. Ngano ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mpelekeeni Fisi, huyo hachagui. Na atakayeamka kesho goti linamuuma, nyumbani kwangu panajulikana. Aje na mayai kumi.