Mkamwana na Mshororo wa Mwisho

Shwaa!

— Nini hiyo?

Ngano inatambaa.

— Iacheni iingie!

Ikiingia itawauma.

— Ituume, tucheke!

Basi, hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakitunga mashairi, Nyamizi aliolewa. Nyamizi alikuwa mhanga, yule mnyama wa pua ndefu na masikio ya punda, anayekula mchwa na kulala shimoni. Siku ya kufika ukweni alilia njia nzima, na mkwewe akamtungia utenzi wa kumkaribisha mpaka akacheka.

Mkwe huyo alikuwa mwalimu wa ushairi wa pori zima. Aliwafundisha vyura vina. Aliwafundisha vigong'ota mizani. Fisi tu ndiye aliyemshinda, maana fisi hucheka kabla mshororo haujaisha.

Ukoo ule ulikuwa na miiko. Mkamwana hataji jina la mkwe. Mkamwana haingii chumbani kwa mkwe. Akithubutu, anarudishwa kwao na mkeka wake kichwani. Na mwiko wa tatu, huo hata nyinyi mnaujua: nyoka hatajwi usiku. Anaitwa kamba.

Usiku mmoja mume wa Nyamizi alikwenda kutafuta mchwa. Nyamizi akasikia: shwaa!

Akachungulia mlangoni kwa mkwewe. Mzee amelala chali. Nyuma yake, kwenye tundu la uani, chatu anaingia, mnene kama gogo.

"Baba! Baba, amka! Kuna kitu kirefu kama kamba!"

Mzee hakufumbua macho. Alikuwa na msemo wake: shairi husikilizwa macho yamefumbwa.

"Umesema 'kama'," akanong'ona. "Hiyo ni tashbihi, mwanangu. Si mbaya, ila kila mtu anayo. Ongeza."

Shwaa! Chatu akasogea.

"Baba! Kamba imeingia! Kamba yenye meno!"

"Eeh! 'Kama' umeitupa! Sasa kitu si kama kamba, kitu ni kamba. Hiyo ndiyo sitiari. Ongeza."

Shwaa! Chatu akafika kwenye mkia wa mzee.

"Baba! Shwaa! Shwaa! Shwaa!"

"Tanakali ya sauti!" Mzee akatabasamu usingizini. "Na umeirudia, hiyo takriri. Lakini vina viko wapi? Mizani iko wapi? Mkamwana wangu atunge kama chura wa juzi?"

Nyamizi akatunga hapohapo, huku amekanyaga kizingiti:

"Amka, baba, amka, kamba imefika kwako,
Tumbo lake lafunguka, lautaka mwili wako."

Mzee akahesabu kwa kucha. "Nane kwa nane! Kati -ka, mwisho -ko! Lo, mwanangu! Lakini hiyo mishororo miwili ni tathnia. Mimi nataka tarbia. Bado miwili."

Chatu akafungua kinywa.

Moyoni Nyamizi akauona mkeka kichwani mwake. Akamwona mama yake kule kwao mlangoni, ameshika kiuno. Kisha akaukumbuka ule utenzi wa kumkaribisha. Akavuta pumzi, akamwita mkwewe kwa jina.

Hakuna aliyewahi kuchomoka vile! Mzee aliruka, akampita Nyamizi, akapita mlango, akapita kichuguu. Chatu akauma hewa: kwap!

"Nyumba gani hii?" chatu akanung'unika akiondoka. "Mtu unakuja kula, unawekewa darasa."

Kule nje mzee alikuwa anahema. "Mwanangu, ile ya mwisho ilinipiga kifuani. Ni tamathali gani ile?"

"Si tamathali, baba. Ni jina lako."

Asubuhi ukoo ukakusanyika. Shangazi Kabula alikuwa ameshaukunja mkeka. "Arudi kwao! Leo kataja jina, kesho atakalia kigoda cha mkwewe!"

"Subiri, dada," mzee akasema. "Huyu ana deni langu la mishororo miwili. Malenga harudishwi kwao na ubeti nusu. Amalize kwanza, na kimalizio kiishie kwa jina lilelile alilolitaja usiku. Likikaa kwenye mizani, ni shairi. Na shairi halina mwiko."

Shangazi akaguna. "Wewe na mizani yako mtaliwa siku moja."

"Nusura iwe jana," akajibu mzee, akafumba macho. Kisha akafumbua moja.

Wasikilizaji, funzo nalitoa sasa, maana baada ya mshororo wa mwisho sina neno. Tashbihi ijue, sitiari ijue, vina vipange. Ni pambo la kusema. Ila mwenzio akiwa mdomoni mwa chatu, mwite jina. Ngano yangu imejikunja hapa. Anayeitaka aikunjue kwake, mimi nakwenda kuziba tundu la uani.

Nyamizi akasimama mbele ya ukoo mzima, akakohoa, akaimba:

"Mafumbo yamenitoka, nalitaja jina lako,
Mlangoni naropoka: inuka mbio, Luhende!"