Mguu wa Fisi na Mbio za Nuru

Ngano, ngano!
Ije, tuipime.
Ipimeni, ila msimpe kazi hiyo mwenye njaa.

Hapo kale Fisi alikaa kilima hiki, Pimbi na majirani zake kilima kile. Siku moja Fisi akatangaza kwamba nuru inazeeka. Babu yake aliipima: alimulika juani kwa kipande cha bati, akapiga mguu chini akihesabu, mpaka mmuliko uliporudishwa na bati la kilima cha pili. Di, di, di. Tatu. Baba yake akapata nne. Yeye akapata tano. Alama zimechorwa mwambani, nendeni mkazione.

Ikifika kumi, alisema, nuru haitafika tena. Dawa ni kuilisha watoto wanono. Waletwe pangoni, yeye ataifikishia.

Akapelekwa mtoto wa Digidigi. Akapelekwa mtoto wa Kanga. Nuru haikunenepa. Fisi alinenepa.

Zamu ikamfikia Mama Pimbi, mwenye mtoto mmoja tu. Hakulia. Aliuliza bati la kilima cha pili hushikwa na nani. Akajibiwa, yeyote.

"Basi leo nashika mimi, mzee wangu."

"Shika, mama. Itakuwa sita. Ikiwa sita, mtoto aje."

"Ikiwa sita, nakuletea mwenyewe."

Majirani wakaketi kumzunguka. Mama Pimbi akalilaza bati majanini, akalikalia.

Kule ng'ambo Fisi akamulika. Di, di, di, di, di. Akatulia, akameza mate. Di.

"Imerudi," akaita. "Sita. Nimeiona kwa macho yangu haya."

Mama Pimbi akainuka, akaliokota bati, lina joto la makalio yake.

"Mzee Fisi, nuru imerudi na sisi hatujairudisha. Hiyo ndiyo iliyochoka?"

Majirani wakasimama wote. Fisi akaziona pembe za Digidigi zinashuka kilima, akatimua mbio, di-di-di-di-di, mapigo mengi kuliko ya baba na babu yake wote wawili, na hakuna aliyeyahesabu.

Mtoto wa Pimbi alibaki. Wa Digidigi na wa Kanga hawakurudi, msiniulize. Alama za mwambani zipo mpaka leo, na wapo wanaozisoma wakitikisa vichwa.

Funzo lake ni hili: hesabu za babu hazihojiwi. Ukitaka kupima, jua kwanza jibu unalolitaka, kisha piga mguu mpaka ulifikie.

Ngano imefika kwake. Anayetaka kuipima upya na apime, ila bati nitashika mimi.