Kiti cha Ndahani na Chupa Zilizovaa Soksi

Hapo zamani, ila si zamani sana kwa sababu soksi zilikwisha kuwapo, kulikuwa na kijiji katika nchi ya Ugogo kikiitwa Mzabibuni. Watu wake walilima zabibu, wakaziuza kiwandani, kisha wakaenda dukani kuzinunua zikiwa ndani ya chupa. Msiniulize kwa nini. Ndivyo walivyofanya, na akili zao zilikuwa timamu.

Kila baada ya mavuno walifanya shindano la divai. Sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza, chupa isizidi bei ya kuku mmoja anayetaga, maana walikuwa wamechoshwa na watu wanaonunua nembo ya dhahabu ili waonekane. Ya pili, kila chupa ivalishwe soksi mpaka shingoni, isijulikane nani kaleta nini. Aliyeleta chupa tamu kuliko zote alipewa kiti chenye mgongo akae nacho nyumbani mpaka mavuno yajayo. Msicheke. Kijiji kizima kilikalia vigoda, na kiti chenye mgongo kilikuwa hicho kimoja.

Kiti hicho alikitengeneza Ndahani, seremala. Akakitoa kiwe zawadi, kisha akakishinda mwenyewe mwaka hadi mwaka. Watu walinung'unika, lakini walinung'unika huku wakinywa divai yake. Kiti kikakaa kwake mpaka mbao zikalainika pale alipoegemea. Halafu Ndahani akafa. Matanga yalipokwisha, wazee wakaja kwa heshima, wakampa pole mjane wake, wakanywa chai, wakaondoka na kiti. Sheria ni sheria.

Mjane huyo aliitwa Mbeleje. Hakulia walipokibeba. Alilia walipokwisha kupinda kona. Ukutani palibaki alama pale mgongo wa kiti ulipokuwa ukigusa, na kila jioni macho yake yalikwenda hapo yenyewe. Akasema moyoni, nitakirudisha. Tatizo ni kwamba hakujua lolote kuhusu divai. Mjuzi alikuwa Ndahani, yeye alizoea kupewa bilauri na kuambiwa, "Mke wangu, onja hii."

Basi akajifunza. Akaenda kwa Mama Sogoda, mwenye duka, akaomba kuonjeshwa kwa kifuniko cha chupa. Akaonja ya rafu ya juu, ikamkunja uso. Akaonja ya rafu ya kati, ikamlaza juu ya gunia la chumvi mpaka mchana. Alipoamka akajiuliza, hawa wanaokamua zabibu kiwandani, wakinunua ya kunywa wao, hununua ipi? Akaenda kusimama langoni, akawauliza. Wakamtajia chupa moja yenye nembo iliyobandikwa kombo, rafu ya chini kabisa, nyuma ya viberiti. Akainunua. Akaionja. Akakaa chini.

Ilikuwa tamu, jamani. Na nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwambia. Hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia. Akaichukua bilauri, akaenda uani, akamwita jirani yake Chilewa, rafiki wa marehemu.

"Shemeji, onja hii."

Chilewa akaonja, akafumba macho. "Shemeji, umeitoa wapi?"

Naye, kwa furaha ya kuulizwa, akamwambia yote: duka, rafu, viberiti. Chilewa akashukuru sana. Alikuwa na shida zake. Mama mkwe wake alipokuja mara ya mwisho alikalishwa juu ya ndoo, na ndoo ikapasuka. Aliondoka akisema kwamba safari ijayo akikuta hakuna kiti cha maana, atarudi na binti yake.

Sasa sikieni balaa. Kideri kikaingia kijijini, kuku wakaanza kufa. Watu wakaogopa, wakauza kuku wao kwa bei ya kutupa. Bei ya kuku ikaanguka, na divai ile ikawa ghali kuliko kuku. Kwa sheria haikufaa tena hata kuvalishwa soksi. Mbeleje akashika tama.

Chilewa hakushika tama. Alikwenda dukani asubuhi, akakaa mlangoni, akaanza kumbembeleza Mama Sogoda apunguze bei. Akasifu duka. Akasifu mizani. Akasifu watoto wa Mama Sogoda mmoja mmoja, pamoja na yule mtundu. Ilipofika saa ya jua kali akaanza kuimba, na wateja wakawa wanapitia duka la pili.

"Chilewa," akasema Mama Sogoda, "ichukue kwa bei ya kuku mgonjwa, uniondokee."

Na kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, akaishusha bei kwa kila mtu. Ikawa ndiyo chupa rahisi kuliko zote dukani.

Hapo akaingia Mzee Mwaluko. Huyu alikuwa bahili, na mgongo wake ulikuwa umepinda kwa kuinamia mizabibu ujana wake wote. Kila mwaka aliuliza swali moja tu, "Ya bei ya chini kabisa ni ipi?" Kila mwaka alinunua hiyo, na kila mwaka alichekwa. Safari hii akauliza vilevile, akapewa ile ile. Hakuionja. Kwa kuogopa wakwe zake wasiinywe, akaizamisha ndani ya mtungi wa maji, kivulini, akaisahau mpaka siku ya shindano.

Siku ikafika. Chilewa alikuwa ameifunga chupa yake kwenye baiskeli na kuizungusha juani kijiji kizima akijisifu. Mbeleje alikuwa ameivalisha yake soksi ya Ndahani, ile aliyovalia buti za shambani. Hakuwa amepata moyo wa kuifua.

Mwamuzi alikuwa Mzee Lungwa. Alichaguliwa kwa sababu hakuwa na ndugu kijijini, na alikwisha kugombana na kila mtu kwa usawa. Chupa nyingi ziliondolewa kwa kuzidi bei ya kuku. Zikabaki tatu.

Akashika soksi ya kijani. Akanusa, akaonja, akalamba midomo. Akasema, "Hii ina jasho. Imetoka kukimbizwa."

Akashika soksi ya kijivu. Akanusa, akaonja, akalamba midomo. Akanusa tena. Akasema, "Hii inanuka mtu ninayemfahamu. Simkumbuki, ila tuligombana. Hii naiweka ya mwisho."

Akashika soksi nyeupe, ingali inatona maji. Akanusa, akaonja, akalamba midomo. Akaonja tena, na bila kuombwa akaonja mara nyingine. Akasema, "Hii ndiyo divai. Hizo nyingine msiniletee tena maishani mwangu."

Wakazivua chupa soksi. Nembo ya kombo. Nembo ya kombo. Nembo ya kombo.

Watu wakacheka mpaka vigoda vikaanguka. Mzee Lungwa hakucheka. Mzee Mwaluko naye hakungoja kicheko kiishe. Akaenda mbio kwenye kiti, mbio za mtu aliyepinda mgongo. Chilewa akaudaka mguu wa kiti. Mbeleje akaushika mgongo, pale palipolainika.

"Soksi nyeupe ni yangu," akasema Mwaluko. "Haishindi chupa iliyotafutwa kwa shida, hushinda iliyo tamu. Yangu ndiyo tamu. Nimechekwa miaka yote kwa chupa mbaya, leo nimeleta nzuri mnataka nichekwe tena? Na mgongo huu mnauona."

"Mzee wangu, shikamoo, lakini bila mimi ungeinunua wapi?" akasema Chilewa. "Nimeimba juani mpaka bei ikashuka. Nisingeimba, chupa zote tatu zingetupwa nje pamoja na zile nyingine. Shemeji aliijua, lakini kuijua tu kungemfikisha wapi? Nami nisipokuwa na kiti, nitakosa mke."

Mbeleje hakuuachia mgongo wa kiti. "Mlipita mbele ya rafu ile miaka yote," akasema. "Hakuna aliyeinama. Mimi niliinama. Nikamwita Chilewa aonje kwa sababu sikuwa na mtu wa kumwambia onja. Sasa mnanihukumu kwa soksi. Soksi hiyo ni ya Ndahani. Nilitaka naye awepo."

Mzee Lungwa akaomba apewe ile soksi ya kijivu. Akainusa tena, polepole.

"Ni yeye," akasema. "Tuligombana kwa sababu ya kiti hiki hiki. Nilimwambia fundi aliyekitengeneza hawezi kukishinda mwenyewe." Akamrudishia Mbeleje soksi yake kwa mikono miwili. "Nimekwisha kuamua, mama, na siwezi kuamua mara ya pili. Ila sijui tena nilikuwa naamua nini."

Akaondoka, akawaacha watatu wamekishika kiti na hakuna aliyekikalia.

Sasa ni zamu yenu mliokaa hapa. Mbeleje aliijua divai, Chilewa akaifanya inunulike, Mwaluko akaifanya inyweke. Kama Mbeleje angeificha siri yake, Chilewa asingeimba, na chupa ya Mbeleje isingefika mbele ya mwamuzi. Aliitoa siri, na kiti kinamponyoka mikononi. Msiniambie wakikalie kwa zamu, kwa sababu mbao zile zinalainika kwa kila anayeegemea, na alama ya mgongo wa Ndahani itafutika mtu mwingine akiketi msimu mmoja tu.

Je, ninyi mngesema nani aketi?