Zamu ya Nungunungu

Paukwa?

Pakawa.

Sauti zenu zimelegea leo, na yangu pia. Kutwa nzima tunapukuchua mahindi na gunia halijajaa. Haya, mikono iendelee na kazi, masikio nipeni mimi. Palikuwa na nini?

Palikuwa na kiangazi.

Naam, kiangazi. Zamani, zamani sana, wanyama walipokuwa wakisemezana kama mimi na nyinyi, mvua iligoma kunyesha. Nyasi za karibu zikaisha. Zikabaki nyasi za ng'ambo ya kilima, mwendo wa kutoka asubuhi na kurudi jioni. Watoto wachanga hawakuuweza mwendo huo.

Basi kina mama wanne wakakaa, wakapatana: Mama Swala, Mama Pundamilia, Mama Ngiri na Mama Nungunungu. Watoto watakaa pamoja kwenye kivuli cha kichuguu, mama mmoja atabaki kuwalinda, wengine wataenda malishoni. Zamu kwa zamu.

Mama Nungunungu yeye huchimba mizizi usiku. Akitoka, wenzake humtazamia mtoto wake. Zamu yake ikifika, hukaa macho mchana kutwa, usingizi unamvuta kope, naye anazivuta huku.

Siku ya zamu ya Mama Ngiri, Ngiri alisinzia. Mtoto wa Pundamilia akatumbukia shimoni, akatoka anachechemea. Mama yake akasema maskini Ngiri, amechoka, nani asiyechoka. Siku ya zamu ya Mama Pundamilia, alimkanyaga mtoto wa Ngiri mkia. Wakasema ni bahati mbaya, yakaisha.

Ikaja zamu ya Mama Nungunungu. Wenzake wakamuaga vizuri, wakaondoka. Hakuna aliyesema neno baya. Lishikeni hilo, hakuna hata mmoja.

Ila kila mmoja wao, tangu utotoni, alikuwa amesikia kwamba nungunungu akishtuka hurusha miiba yake kama mishale. Nani aliyemwona akirusha? Hakuna. Mama Swala aliambiwa na mama yake, na mama yake aliambiwa na mama yake. Neno lile lilikaa moyoni kama vumbi la chini ya kitanda. Mwenye nyumba anafagia kila siku, na vumbi lipo.

Wakafika chini ya kilima. Mama Swala akasimama. Akasema mwiba umemchoma mguu, afadhali arudi. Wenzake wakasema hatuwezi kukuacha peke yako, tukusindikize. Wakarudi wote na njaa yao. Wakawakuta watoto wamelala, wazima. Mama Nungunungu akauliza kama nyasi zimekwisha mapema hivi. Wakamjibu ni mguu tu.

Zamu yake ikaja tena. Safari hii wakafika juu ya kilima. Mama Swala akasimama. Akasema amesikia mtoto analia. Jamani, pale juu hata simba akinguruma huku chini humsikii. Lakini wenzake wakasema na wao wamesikia. Wakarudi. Wakawakuta watoto wanacheza, wazima. Mama Nungunungu hakuuliza kitu.

Zamu yake ikaja mara ya tatu. Wakafika penye nyasi zenyewe. Mama Swala akainamisha shingo, akainua. Akasema tumbo limemkata, bila shaka nyumbani kuna jambo. Wenzake walikuwa hawajatafuna hata mafunda mawili. Wakarudi mbio. Wakawahesabu watoto. Walikuwepo wote, wazima.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo panaponiumiza.

Siku ya zamu yake mwenyewe, Mama Swala hali nyasi, yuko na watoto. Siku ya zamu ya Nungunungu hali nyasi, yuko njiani anarudi. Maziwa yakaanza kupungua, yakapungua, yakakauka. Jioni ile mtoto wake akanyonya, hakupata kitu. Akajaribu kusimama, miguu ikakataa. Akalala na shingo yake ameinyoosha mchangani.

Mama Swala akalia. Akasema kiangazi kinamuulia mwanawe.

Mama Nungunungu alikuwa anatoka kwenda kuchimba. Akasimama. Alikuwa amechoka, na mtu akichoka sana hana nguvu za kupamba maneno.

"Mwenzangu, si kiangazi," akasema. "Mara tatu umerudi kunichungulia. Mara tatu umewakuta watoto wazima. Ulikuwa unarudi kuangalia nini?"

Mama Swala akafungua kinywa ataje ule mwiba. Akakumbuka kwamba hata alama haukuacha. Akataka ataje kilio, akataka ataje tumbo. Aibu ikamshika.

"Sijui," akasema. "Sijawahi kukuwazia mabaya. Miguu inageuka kabla sijaiambia."

"Kesho ni zamu yako," Mama Nungunungu akamwambia. "Ukibaki hapa, huna cha kumnyonyesha. Nitakushikia zamu. Nenda ukale ushibe."

Mama Swala hakulala. Akibaki, mtoto atakufa kwa njaa. Akienda, atamwacha hoi, kando ya miiba ile, mchana kutwa. Kulipokucha akaenda.

Chini ya kilima mguu ukamwasha. Akaendelea. Juu ya kilima akasikia kilio. Akajiambia, huu ni woga wangu ndio unaolia. Akaendelea. Penye nyasi tumbo likamkata. Akainama, akala. Alikula huku machozi yanamtoka, akala mpaka akashiba. Wenzake walikuwa wameshageuza shingo kutazama nyumbani. Walipomwona anakula, na wao wakala.

Jioni wakarudi. Mtoto wa Swala alikuwa palepale kivulini, anapumua. Mama yake akamsogezea chuchu. Akanyonya kwa kusinzia, akanyonya, hata kamkia kake kakaanza kutikisika.

Mama Swala akaenda mpaka penye shimo la Mama Nungunungu, akapiga magoti. Akasema leo umeniokolea mwanangu, nikushukuru vipi.

Mama Nungunungu alikuwa ameshajilaza.

"Usinishukuru kwa ya leo," akasema. "Leo sikufanya kitu kipya. Nimekaa nao, kama nilivyokaa nao zamu zote. Sasa niache nilale, mwenzangu. Kuchungwa kunachosha kuliko kuchunga."

Akafumba macho. Na Mama Swala akabaki amepiga magoti pale nje.

Basi funzo ni hili. Wengi wetu hatumchukii mtu. Tunageuka tu, tukiisha kugeuka tunatafuta mwiba wa kusingizia. Na yule mwenzetu anaona, kila mara anaona.

Wewe Sikudhani, usiiname. Juzi yule binti wa wale wageni alipokuja kukaa karibu nawe, ulikivuta kikapu chako. Hukumwambia neno baya, na nadhani hata hukujua kama umekivuta. Sikugombezi, nimechoka kugombeza. Siku nyingine mkono ukienda wenyewe, usimamishe, uulize: kwake yeye nimeona nini kwa macho yangu, na nini nimesimuliwa tu? Kisha mwachie nafasi akae.

Hadithi yangu naitua hapa. Palipo patamu pachukueni mwende napo nyumbani, palipo pachungu niachieni mimi, nimeshazoea. Haya, leteni hayo magunzi.