Mbwa wa Mluzi

Mtu mmoja alikuwa na mbwa aliyeungua moto, na alikuwa anamdai jirani yake elfu sitini.

Sitini, alisema Lukelo, si hamsini na tisa, na hatainuka kwenye gogo alilokalia mpaka azione mkononi. Vitusi Kihwele, ambaye moto ulikuwa wake, alisema elfu kumi na tano ndiyo bei ya mbwa kutoka hapo hadi mjini, na kwa kumheshimu mzee angefikisha ishirini, basi. Walikuwa bondeni, kwenye vinyungu, yaani matuta yanayolimwa kiangazi wakati mlimani kumekauka. Wenye matuta wote walikuwapo, kila mtu na jembe lake, kazi imesimama, maji yanapita mifereji bila mtu wa kuyaelekeza. Walikuwa wamechoka kusikiliza.

"Elfu sitini," Vitusi alisema. "Mzee wangu, mbwa wa elfu sitini si angekuazima meno?"

Watu walicheka. Lukelo hakucheka. Ni kweli meno ya mbele hakuwa nayo, na hayo meno ndiyo yaliyokuwa yakimla moyo tangu Jumatano, na katika wote waliocheka hapakuwa na aliyejua.

Katika bonde lile kila shamba lina dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa ambako mlinzi hukaa akautazama msitu, kwa sababu ya nyani na nguruwe mwitu. Chini ya dungu, kivulini, hukaa mbwa. Mbwa wa dungu hufundishwa jambo moja kabla ya mengine yote: asitoke pale mpaka aitwe na mwenyewe. Mwizi wa mahindi mabichi hupiga kelele upande huu, mbwa akakimbilia, mwenziwe akaingia upande ule. Nyani wanaujua ujanja huo, na watu wanaujua zaidi. Kwa hiyo ukimpigia kelele za "we, mbwa, njoo", mbwa wa dungu atakutazama tu. Anangoja jina lake, kwa sauti anayoijua.

Na majina ya mbwa wa huko hayabahatishwi. Jina la mbwa ni barua kwa jirani: usiloweza kumwambia usoni, unamwitia mbwa wako wakati anapita. Lukelo alipomwoa Adelina, mwenyewe akiwa na miaka ishirini na miwili, watu walisema mwanamke amemzidi umri, atamfanya mtoto wake. Akafuga mbwa mweusi mwenye mbio, akamwita Watasema. Kila asubuhi aliliita jina hilo mpaka likavuka mto. Watasema aliuawa na nguruwe mwitu, na Lukelo alilia mbele za watu bila aibu, kisha akafuga mwingine. Huyo wa pili alimkuta Lukelo amejenga nyumba ya bati, watoto wanasoma, kifua mbele, akamwita Hawanilishi. Hawanilishi alizeeka mpaka macho yakaingia ukungu, akafa usingizini kando ya jiko. Lukelo alilia kidogo, kama mtu mzima anavyolia, ametazama pembeni.

Mbwa wa tatu hakumpa jina yeye. Adelina alikuwa mgonjwa na alijijua. Alimpakata mtoto wa mbwa kwenye khanga yake, akasema huyu ataitwa Bakinaye. Hakueleza zaidi, na mvua za kwanza zilimkuta kaburini. Bakinaye alibaki naye kweli, miaka sita, akilala kwenye kizingiti alipokuwa akikaa yule mama kuchambua maharage. Kisha nyoka akamuuma mferejini, na jua halijatua akawa amekufa. Siku hiyo Lukelo hakulia. Alichimba, akafukia, akaukanyaga udongo kwa miguu yote miwili, akasema yeye amemaliza. Mbwa atafuga, maana nyani hawana matanga. Jina hatampa mnyama tena. Alikuwa ameshaona: ukikipa kitu jina, siku kikifa jina linabaki mdomoni mwako na huna pa kulitua.

Huo ndio ujanja wake, na nusu yenu mnaoucheka mnauishi.

Alimchukua mbwa wa nne kwa mtu aliyekuwa anahama, mbwa wa rangi ya vumbi, akamfundisha kwa mluzi. Mmoja mrefu, miwili mifupi: toka, njoo. Bila huo, kaa. Mbwa alijifunza kwa siku nne. Waliomuuliza anaitwaje walijibiwa kwamba mbwa huitwa mbwa.

Na bado alimlainishia ugali kwa maji ya maharage. Alimtoa kupe masikioni mmoja mmoja. Palikuwa na jiwe katikati ya mteremko ambapo walipumzika. Mwanzoni mzee ndiye alisimama na mbwa akamngoja, baadaye mbwa akawa anasimama na mzee anamngoja, mwisho wakawa wanasimama wote wawili, wanahema, kila mmoja anatazama upande wake kama vile hakuna aliyechoka. Mdomo wa mbwa uliota mvi mwaka uleule ndevu za Lukelo zilipokwisha kuwa nyeupe. Miaka tisa. Na muda wote huo alijiambia kwamba yule ni mlinzi tu, kama uzio ulivyo mlinzi, na uzio ukianguka mtu hujenga mwingine. Mtu mgumu anaweza kujidanganya muda mrefu asichoke.

Masika yaliyopita meno yakamtoka, mawili ya juu na moja la chini. Alijaribu mluzi jikoni, mlango umefungwa. Ukatoka upepo.

Hapo alijua la kufanya. Kumfundisha mbwa jina si kazi ya kuitia fundi: mwite, mpe kipande, mwite tena, wiki mbili limeingia. Alijua na hakufanya. Badala yake akaanza kushuka mwenyewe hadi chini ya dungu kila jioni, amguse shingoni, na mbwa akaelewa kwamba mkono sasa ndio mluzi. Magoti yalimuuma kwenye ule mteremko mpaka akasaga meno aliyobakiwa nayo. Aliona afadhali magoti.

Jumatano Vitusi alichoma shamba lake la mlimani saa sita mchana. Hakufyeka njia ya kuzuia moto, kwa kuwa upepo ulikuwa umetulia na yeye alikuwa na haraka. Upepo ukageuka. Lukelo alikuwa nyumbani anakula. Alipoona moshi umelalia upande wa bonde aliacha sahani, akashuka na fimbo yake, akapita lile jiwe bila kusimama. Alipofika mferejini, nyasi kavu zilizolizunguka dungu lake zilikuwa zimeshika pande tatu. Upande wa mfereji ulikuwa bado wazi, nafasi kama ya mlango. Kutoka aliposimama hadi pale zilikuwa hatua mia moja. Kijana angezikimbia. Yeye alikuwa na miaka sabini na mmoja na hana pumzi.

Vitusi alikuwa karibu zaidi, anapiga moto kwa matawi mabichi, uso mweusi kwa masizi. Alimfokea mbwa atoke. Alimrushia madongoa. Mbwa alimwonyesha meno.

Lukelo alitia vidole viwili mdomoni akapuliza. Upepo. Akapuliza tena, mate yakamtiririka kidevuni. Akaita: we! njoo! mbwa! njoo hapa! Mbwa akageuza kichwa, akamwona, akatikisa mkia. Maneno hayo aliyajua. Ndiyo waliyompigia wezi, ndiyo waliyompigia watoto wenye mawe, miaka tisa, na mwenyewe ndiye aliyemfundisha kutoyatii. Alimtazama bwana wake kwa makini kabisa, masikio yamesimama, akingoja. Kisha, kama mbwa mwema, akakaa chini.

Mlango ukaziba.

Hayo Lukelo hakuyasema kwenye kikao. Alisema moto. Alisema haraka za watu wa siku hizi. Alisema elfu sitini, na alikuwa na sababu ya kung'ang'ania sitini. Vitusi akilipa yote, basi kosa lote ni la Vitusi, na mzee atarudi nyumbani kwake afunge mlango, alale. Akikubali hamsini na tisa, ile elfu moja iliyobaki itakuwa na mwenyewe, na alijua ni nani. Kwa sababu hiyohiyo mzoga ulikuwa bado uko pale pale chini ya miti iliyoungua, siku ya tatu sasa. Aliwaambia watu usiguswe, ni ushahidi. Ukweli ni kwamba hakuweza kwenda kuutazama.

Mwenyekiti wa wenye vinyungu alikuwa Mama Skolastika, binamu yake marehemu Adelina, mwanamke asiyependa maneno mengi. Aliwaacha wabishane mpaka wakakaukiwa, akakata. Moto ni wa Vitusi. Hakufyeka. Atalipa sitini. Vitusi alinung'unika kwamba ni pesa ya mbegu ya viazi, na hakudanganya, akaitoa mfukoni mwa shati, akaihesabu mbele ya wote, akaiweka kwenye gogo kando ya paja la mzee. Ilitimia. Lukelo akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

Lakini bonde lile lina desturi, na wote wakaanza kuchukua majembe yao. Mbwa akifia kwenye dungu, wenye vinyungu humfukia pamoja, na kabla ya udongo kushuka mwenyewe humwita kwa jina mara tatu. Wanasema mbwa wa dungu hatoki mpaka aitwe, hata akifa. Asipoitwa, bado yuko lindoni, na mtu hawezi kumwachia mtumishi wake lindo lisilo na zamu.

"Haya, shemeji," alisema Mama Skolastika. "Aliitwa nani, twende tukamtoe?"

Lukelo alizitazama pesa. Alisema taratibu kwamba hakuwa na jina. Yeye alikuwa akimwita kwa mluzi.

Mtu mmoja nyuma, bila ubaya wowote, akasema basi hakuna neno, apige huo mluzi.

Hakuna aliyecheka safari hii, ingawa mwanzoni hawakujua kwa nini. Aliyeelewa wa kwanza ni Vitusi. Alikuwa amemwona mzee Jumatano ng'ambo ya mfereji, vidole mdomoni, na akadhani anatapika kwa moshi. Sasa alitazama kinywa cha Lukelo, akakumbuka alichokisema kuhusu meno, akainamisha kichwa. Kisha mwingine akaelewa, na mwingine, mpaka wote. Lukelo aliketi katikati yao. Alianza kusema kwamba alikuwa ameshazika watatu, na kabla ya hapo mke, na kwamba mtu ana kipimo chake. Alisema mbwa alikula vizuri, kila siku, waulize. Alisema jina halizuii moto.

"Vitusi amelipa lake," Mama Skolastika alisema. "Lipa lako."

Mzee akainuka. Pesa hakuzigusa. Alitangulia kuelekea kwenye majivu, nao wakamfuata, na hakuna aliyemshika mkono kwa sababu aliwakataza kwa fimbo. Mbwa alikuwa katika mkao uleule, ameketi juu ya miguu ya nyuma, kichwa kimeelekea mferejini, pale bwana wake aliposimama Jumatano. Nzi walikuwa wengi. Lukelo alimtazama muda mrefu, tangu mdomo hadi mkia, kama mtu anayesoma barua aliyoiweka mfukoni miaka mingi. Walichimba. Udongo wa juu ulikuwa bado vuguvugu.

Waliposimama na majembe, wakimngoja, alifungua kinywa na hakikutoka kitu. Majina ya mbwa ni maneno kwa jirani, na kwa jirani hakuwa na neno tena. Mwisho alisema, "Wangu." Akasema tena, kwa nguvu, "Wangu." Mara ya tatu sauti ilikatika katikati, akaimalizia kwa kulia, kilio cha mtu aliyekichelewesha miaka tisa na zaidi; humo alikuwamo Bakinaye, na alikuwamo Adelina. Lilikuwa jina zuri. Chini kwenye shimo hakuna kilichogeuza kichwa.

Nanyi mnaosema mmezika vya kutosha, kwamba safari hii mtafuga bila kupenda, mtaishi na mtu bila kumwambia, ili siku ya kuondoka kwake isiwaume: itawauma vilevile, na yeye atakuwa amekufa akiwangoja. Hataki pesa zenu, wala kaburi zuri. Anawadai jina lake. Mlipeni angali anasikia.